Kinanda Chenye Salegi Ndani

Alhamisi, 1 Agosti 1996

Naandika Kiswahili kwa sababu ya kaka yangu Youssoufa. Anasoma Kifaransa, anasoma Kimalagasi, anasoma barua zisizo zake. Kiswahili hakijui. Mimi nililelewa miaka mitano Unguja kwa shangazi, nikasoma huko hadi darasa la nne, kisha nikarudishwa hapa Mahajanga nikatiwa shule ya Kifaransa. Kwa hiyo nina lugha mbili za shule, na sina hata moja ya kusemea mbele za watu. Naitwa Laïla, miaka kumi na sita. Muuza mkate ananiita "yule bubu". Mpaka leo sijamsahihisha.

Leo kuna habari mbili.

Ya kwanza: harusi ya Rabiata, binti wa Mama Mkubwa Hachimia, itakuwa Jumamosi tarehe 24. Bwana harusi, Soulé, amekuja kwa likizo kutoka Reunion, na tarehe 28 anapanda ndege kurudi kazini. Ukumbi, ile sherehe ya wanawake ya kucheza, utafanyika uani kwa Mama Mkubwa, alasiri. Wanawake mia mbili! Na mpiga kinanda, kama kawaida, Fundi Oumouri.

Kama kawaida, kama kawaida. Fundi ni mwanamume, kwa hiyo hupiga nyuma ya shuka. Huingia kwa mlango wa nyuma kabla wanawake hawajafika, shuka linateremshwa, na kuanzia hapo haruhusiwi kutoa neno. Wakiuliza "Fundi, upo?" anajibu kwa sauti tatu za kinanda. Chake ni cha umeme, kile wanachokiita aranja: unabonyeza kwa mkono wa kushoto, mashine inakupigia ngoma, besi na gitaa. Ina midundo sitini. Ina polka. Ina tango. Salegi, mdundo wetu wa huku, haina! Huko Japani hawajui watu wa huku tunacheza nini. Basi Fundi anabonyeza walzi, anaizidisha mwendo mpaka mwisho, na wanawake wanacheza salegi kama watu wenye mchanga viatuni.

Mimi salegi naijua. Nimejifunza miaka miwili kwenye kinanda changu kidogo, kile ambacho kitufe cha noti ya sol cha katikati kimekufa. Nazima ngoma za mashine, mkono wa kushoto unakuwa besi, wa kulia unakuwa gitaa. Wasikilizaji wangu mpaka leo: cherehani ya Koko, bibi yangu.

Nataka kupiga mimi ukumbi wa Rabiata. Nimekwisha kuandika, basi. Nyuma ya shuka, lakini. Najua, msichana hahitaji shuka mbele ya wanawake wenzake. Nikifikiria kukaa pale wazi, macho mia nne yananitazama, nasahau hata jina langu. Nalitaka shuka.

Habari ya pili: gazeti la muziki kwenye chumba cha kusomea cha Wafaransa. Mistari miwili na picha. Eti mwisho wa mwaka kitatoka kinanda kipya, aranja ya aina mpya kabisa, "chenye midundo ya dunia nzima". Pichani kimefunikwa kitambaa cheusi. Inaonekana pembe moja tu. Nimeitazama pembe ile nusu saa.

Dunia nzima. Hata sisi?

Jumamosi, 3 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Mkubwa kumwambia. Nimeikariri sentensi tangu kwetu Tanambao mpaka mlangoni kwake: "Mama Mkubwa, naomba nipige mimi kinanda." Maneno sita. Nikabisha hodi. Akatoka na unga mikononi, akauliza kuna nini, mwanangu. Nikasema: "Mama Mkubwa, naomba..." Akangoja. Nikasema: "...nikukunie nazi."

Nazi kumi na moja. Vidole vimevimba, na vidole ndiyo mali yangu pekee.

Njiani nikapata mpango. Fundi akiwa hayupo mjini siku ile, watahangaika kutafuta mtu. Mmoja atasema: Laïla si ana kinanda? Watanifuata. Nitakataa mara ya kwanza, kwa adabu. Mara ya pili nitatazama chini. Mara ya tatu nitakubali. Sitahitaji kusema hata neno moja!

Sasa, nini kitamtoa Fundi Mahajanga? Ugonjwa hapana, Mungu apishe mbali. Kinanda kipya.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimemwambia Mariamou, jirani yangu na mwenzangu darasani. Sijapata kumwona akikaa na jambo hata kwa muda wa kula embe. Nikamwambia: kile kinanda cha Wajapani kitateremka kwanza kisiwani Nosy Be, kimoja tu, kwenye hoteli anakopika Mjomba Mdahoma. Na ndani kina salegi. Ya kiwandani kabisa! Ila asimwambie mtu.

Akaapa kwa macho yake mawili. Nikarudi nyumbani moyo mweupe. Kufikia magharibi mji mzima utajua.

Jumatano, 7 Agosti

Kimya! Siku mbili, hakuna hata mnong'ono. Nimepita sokoni mara nne. Watu wanazungumzia bei ya mchele.

Mariamou ametunza siri. Mara ya kwanza tangu azaliwe, na ni siri yangu. Nimekwenda kwake jasho linanitoka, nikamwambia kwamba jambo lile la kinanda ni kubwa zaidi ya nilivyosema, na kwamba likimfikia Fundi Oumouri nitakufa. Hasa Fundi. Hasa mkewe. Hasa kinyozi wa karibu na msikiti, kwa sababu huko ndiko Fundi anakonyolewa.

Akasema kumbe ni jambo zito namna hiyo! Alidhani ni habari ya mashine tu, hazimpendezi habari za mashine.

Ijumaa, 9 Agosti

Imerudi! Imerudi imenona.

Baada ya sala Youssoufa amekuja kula, akatuambia, kwa ile sauti yake ya mtu aliyetoka kuonana na gavana, kwamba Nosy Be kunashuka kinanda ambacho kina salegi ndani. Na hakihitaji umeme, umeme ukikatika ndiyo kwanza kinapiga vizuri. Na ukikosea, kinakusahihisha. Na ni chekundu. Nikamwuliza amesikia wapi. Akasema mambo haya makubwa mimi sitayaelewa.

Nilikuwa nimeanza kucheka ndani ya kanga. Ghafla hodi. Fundi Oumouri mwenyewe! Kofia mkononi. Amekuja kumwuliza Koko, maana Mjomba Mdahoma ni mwanawe, kama habari ni kweli.

Nikasema moyoni: imekwisha. Koko atasema hajui kitu.

Koko hapendi kuonekana hajui kitu. Akajiweka sawa kwenye mkeka, akasema Mdahoma alikwisha kumwandikia zamani. Barua ndefu. Fundi akauliza kama kweli ni chekundu. Koko akamjibu: "Chekundu cha kukoza, baba. Sijapata kuona chekundu kama kile." Hajatoka nje ya Mahajanga tangu mwaka sabini na nne.

Jumapili, 11 Agosti

Fundi amekwenda! Alfajiri, kwa taksi-brusi, lile gari la abiria wa mbali, mpaka Ankify, kisha boti mpaka Nosy Be. Mpango umefaulu kama hesabu ya kitabuni.

Saa nne. Mpango haukufaulu. Fundi ameuza kinanda chake kwanza. Amekiuzia kwaya moja ya kanisa kule Belobaka, nacho kimekwisha kwenda, kimefungwa juu ya mkokoteni. Mimi nilikuwa nimepanga kuazima hicho hicho kwa mkewe! Changu hakina mdomo wa kuunganisha spika. Kikipigwa uani, wanawake wa mstari wa pili watadhani ni mbu.

Nilitaka Fundi aondoke. Sikusema kinanda nacho kiondoke.

Jumanne, 13 Agosti

Hali mbaya. Mama Mkubwa ametangaza mbele ya wanawake wa ukoo kwamba ukumbi wa binti yake ndio utakaokuwa wa kwanza Mahajanga kuchezwa kwa kinanda chenye salegi. Fundi akikawia, ukumbi utamngoja. Mmoja akauliza, na ndege ya Soulé? Mama Mkubwa akasema ndege zipo kila wiki, binti anaolewa mara moja.

Rabiata amekuja kulia chumbani kwangu. Soulé akikosa ndege anakosa kazi. Akiondoka kabla ya ukumbi, mama yake Rabiata hatamruhusu kumfuata, kwa sababu harusi isiyo na ukumbi si harusi. Amelia kwenye mto wangu mpaka nimeugeuza upande wa pili, akaulowesha na huo.

Ikanibidi. Nikamwambia kwa sauti ndogo: Rabiata, hakuna kinanda. Akainua uso. Akasema Nosy Be nzima inajua kipo. Nikasema kama watu wangetaka, kuna mtu hapahapa anayeweza kupiga... Akanitazama. "Unataka nicheze harusi yangu kwa kale kadude kako ka kitoto? Una wivu, Laïla. Sikukujua."

Nikauanika mto dirishani. Na ni kweli nina wivu. Si wa namna anayofikiria yeye tu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimeamua kuizima habari kwa njia ileile niliyoiwashia. Nimemwambia Mariamou, kwa siri, kwamba kinanda hakiji tena, meli imeghairi.

Jioni Youssoufa ametuarifu kwamba meli ni mbili.

Ijumaa, 16 Agosti

Posta. Saa mbili kwenye foleni ili nimpigie simu Mjomba Mdahoma hotelini kwake. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Mtu wa posta akapaza sauti: "Nosy Be, kibanda cha tatu!" Watu wote wakanitazama, karatasi ikaanguka, nikaingia bila maneno.

Haikuwa na neno, Mjomba ndiye aliyesema yote. Ah, Laïla, mwanangu, unapiga kuhusu kinanda! Mji wote wa huku Hell-Ville hauzungumzi jingine. Fundi Oumouri yuko gatini tangu juzi, amekalia pipa, kila boti ikija anasimama. Maskini, Mjomba akasema. Anapoteza muda wake. Watu wenye akili wote wanajua kinanda kinateremkia Mahajanga.

Nikasema: Mahajanga?

Naam, akasema. Chekundu. Na kwamba mpiga kinanda wa hoteli yao, kijana mmoja anaitwa Chaher, amekwisha kupanda gari kuja kukitafuta. Atashukia kwetu. Mpeni nafasi, msilete aibu. Simu ikakatika.

Nimesimama nje ya posta muda mrefu. Habari hii ni yangu. Nimeitunga mimi, kwa kichwa changu, njiani kutoka kukuna nazi. Hakuna kitu.

Lakini watu wa Nosy Be hawamjui Mariamou. Na gazeti lilisema dunia nzima. Na ile pembe iliyoonekana pichani, ukiitazama sana, ilikuwa na kitu kama wekundu.

Nimepitia bandarini. Kidogo tu. Nimeangalia meli moja. Ilikuwa na saruji.

Jumatatu, 19 Agosti

Chaher amefika. Ana miaka ishirini hivi, shati la hoteli lenye minazi, miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Na kwapani ana kinanda! Kikubwa, chenye mdomo wa spika, vitufe vyote hai. Anataka kukitoa pamoja na pesa kidogo juu yake ili apewe kile kipya.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nimekaa humo tangu saa tano mpaka alasiri. Koko akaita "Laïla, chai!" Nikalisukuma sinia kwa mguu.

Mama Mkubwa amefika mbio, kanga moja begani. Akamwuliza Chaher kama atapiga ukumbi Jumamosi, kwa kile alichonacho, kama kipya hakijafika. Chaher akasema yeye ni msanii wa hoteli, amepigia Waitaliano, lakini kwa heshima ya Mama atapiga. Atakaa upande gani, ili watu wamwone vizuri? Mama Mkubwa akamweleza shuka. Akavua miwani. Akaivaa tena. Akakubali.

Basi. Ukumbi upo, Jumamosi ileile. Rabiata ataolewa, Soulé atapanda ndege. Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu tarehe tano.

Mtu mwenye akili angeishia hapa.

Jumatano, 21 Agosti

Chaher amefanya mazoezi sebuleni. Rabiata alikuwepo, akamwomba salegi. Chaher akabonyeza polka.

Polka! Nyuma ya mlango nimeuma kanga mpaka imetoboka. Rabiata akasema kwa upole, nzuri, kaka, lakini mguu unakuja mmoja tu. Chaher akasema Waitaliano hawakupata kulalamika.

Kinanda kile! Usiku kinalala na mwenyewe chumbani kwa Youssoufa, hatua saba kutoka nilipo. Vitufe sitini na moja. Na shuka litatundikwa. Na nyuma ya shuka mtu haulizwi neno. Mimi mwenyewe sikutaka kufikiria zaidi. Nimefikiria.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimemwambia Mariamou, siri kubwa kuliko zote: kwa kuogopa macho ya watu, kinanda kipya kitateremshwa ng'ambo, Katsepy, kesho. Watakileta huku kwa kivuko, kimefungwa ndani ya gunia la mkaa.

Safari hii ametumia saa moja na nusu. Anaendelea vizuri.

Ijumaa, 23 Agosti

Chaher amerudi kutoka kwa kinyozi, nusu kidevu kimenyolewa, hakungoja nusu ya pili. Amekwenda na kivuko cha asubuhi. Cha kwake ametuachia, akatuambia kesho mchana yuko hapa, tusimwambie Mama Mkubwa asije akahangaika.

Sikumwambia Mama Mkubwa. Amri ni amri.

Jumamosi, 24 Agosti

Nitaandika kwa mfuatano, nisipoteze kitu.

Saa sita. Chaher hayupo. Mwenye duka la Katsepy amekuja na kivuko, akasema kijana mwenye miwani alipata habari kwamba gunia limekwisha kupelekwa Mitsinjo, akadandia lori. Mitsinjo! Hiyo sikuisema mimi. Naapa sikuisema.

Saa saba. Nikamwambia Youssoufa, nikitazama sakafu, kwamba Chaher amerudi na ameomba kinanda kipelekwe mlango wa nyuma. Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizopata kumwambia. Alishangaa hata akakibeba.

Saa nane. Niko nyuma ya shuka. Shuka ni la maua ya zambarau. Kwa tundu dogo naona vidole vya miguu, mamia, vyote vina hina.

Saa nane na nusu, sauti ya Mama Mkubwa: "Chaher, upo?"

Nikabonyeza sauti tatu.

Vigelegele! Kwa sauti tatu! Nikapiga kwanza wimbo wa kumwingiza bibi harusi, taratibu. Vidole vikaruka sol kwa mazoea, ingawa ya humu ni nzima. Nikasikia mtu anauliza Laïla yuko wapi, na mwingine anajibu: amejificha mahali, si unamjua.

Halafu wakaitaka salegi. Nikazima ngoma zote za mashine. Mkono wa kushoto, besi. Wa kulia, gitaa. Nikaanza.

Sijui nieleze vipi. Vile vidole vya hina kwanza vilisimama. Kama vinasikiliza. Kisha vikaondoka vyote pamoja, mguu wa kulia na wa kushoto kila mmoja mahali pake, na ua wa Mama Mkubwa ukaanza kutoka vumbi mpaka likapita juu ya shuka. Nilimsikia Rabiata akicheka. Bibi harusi hatakiwi kucheka. Alicheka hivyohivyo! Nikapiga dakika arobaini bila kupumzika.

Nikaacha. Kisha Mama Mkubwa, kwa sauti ya kulia:

"Jamani, ndicho chenyewe! Hiki ndicho kipya!"

Moyo wangu!

Wakaanza wote. Salegi ya kiwandani hiyo, hakuna mkono wa mtu unaoweza! Mmoja akasema alijua tangu ile sauti ya kwanza, ina wekundu ndani yake. Mwingine akasema kinajipiga chenyewe, kijana kazi yake kubonyeza tu na kula. Sahani ya pilau ikapitishwa chini ya shuka, maana, Mama Mkubwa akasema, kubonyeza nako kunachosha. Koko, aliyekaa karibu kuliko wote, akasema ajabu, mashine hii inaruka sauti moja kama ile ya Laïla. Wakamjibu basi ni kiwanda kimoja.

Kisha Rabiata akaja mpaka kwenye shuka. Nikaona miguu yake, peke yake, karibu sana. Akasema polepole, si kwa watu: "Chaher. Niambie kweli. Ni kipya?"

Alikuwa anangoja. Maneno mawili tu: ni mimi. Nilikuwa nimeshika ukingo wa shuka. Kitambaa kilikuwa kimelowa mkononi mwangu.

Nikabonyeza sauti tatu.

Jumapili, 25 Agosti

Pilau ilikuwa nzuri. Niliila yote. Sina la kujitetea.

Chaher amerudi kutoka Mitsinjo, mwekundu kwa vumbi, yeye mwenyewe ndiye kitu chekundu pekee kilichofika. Hata hajakaa, wanawake watano wamemvamia kumpongeza. Ukumbi ule, kijana, haujapata kutokea! Nilidhani atauliza ukumbi gani. Akatutazama mmoja mmoja. Akavaa miwani. Akasema: "Nashukuru, mama zangu. Nilijitahidi."

Nilijitahidi! Nimetoka nyuma ya mlango nusu hatua kwa hasira. Nikarudi.

Wanawake walipoondoka akajifungia chumbani na kinanda chake, ambacho Youssoufa alikirudisha jana usiku, mimi nikiwa nimekwisha kutoka kwa mlango wa nyuma. Tangu alasiri nasikia: mdundo wa kwanza, wa pili, wa tatu, rumba, samba, tango. Anapita wote, mmoja mmoja, kisha anaanza upya. Watu wamemwambia salegi imo ndani, naye anatafuta kitufe chake.

Kitufe ni mimi. Nipo hatua saba.

Jumanne, 27 Agosti

Fundi Oumouri amerudi. Amekonda. Alipoambiwa kwamba kinanda kipya kilipigwa kwa Mama Mkubwa Jumamosi, wakati yeye yuko juu ya pipa Nosy Be, alikaa chini barabarani. Kisha akaenda Belobaka kukiomba cha zamani. Kwaya hawataki kurudisha, wamekwisha kuzoea walzi.

Soulé na Rabiata wanapanda ndege kesho, pamoja. Rabiata amenikumbatia. Akasema anaomba radhi kwa maneno ya siku ile, na kwamba angependa ningekuwepo ukumbini nisikie salegi ile, mimi ninayependa muziki. Nikasema niliisikia kwa mbali.

Imenichoma. Na sasa nimeamua: ukweli utajulikana! Nimekwenda moja kwa moja, bila kupinda kona, kwa mtu anayepaswa kuujua.

Nimemwambia Mariamou kwamba aliyepiga si Chaher wala si mashine. Ni mwanamke. Yupo hapa mjini. Ni fundi kuliko Oumouri. Jina sikumtajia, nimeona haya. Atalipata mwenyewe, nilikuwa nimevaa ile kanga yenye vumbi la ukumbi. Asimwambie mtu. Ameapa.

Wakija kuniuliza nitakana mara ya kwanza, kwa adabu.

Ijumaa, 30 Agosti

Hakuna aliyekuja kuniuliza.

Mariamou ndiye aliyekuja, mbio, kunipa habari ambayo eti nisimwambie mtu. Kuna mwanamke mpiga kinanda. Mrefu, wa Reunion, ana kinanda chekundu. Hakai nyuma ya shuka, anakaa wazi na miguu juu ya zulia, na salegi anaipiga hata akiwa amefumba macho. Familia ya Bwana Fazul imekwisha kumtaka kwa ukumbi wa binti yao, mwezi wa tisa.

Nikamwambia Mariamou, mwanamke huyo hayupo. Nani kakwambia? Akasema wamemwona. Watu watatu. Mmoja amemshika mkono.

Najua vizuri kabisa alikotoka mwanamke huyu. Nimemtoa mimi Jumanne, saa kumi, mbele ya birika la Mariamou. Hakuna mwanamke.

Lakini mrefu! Na vidole vyake lazima ni virefu vilevile. Na hajui haya. Ukumbi wa kwa Fazul, wanawake mia tatu, na mimi wiki hii nzima, nikidhani watanijia mimi, nimekuwa nikifanya mazoezi ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi wao. Anakuja na mashine yake anakaa wazi mbele za watu, na mimi nirudi kwa cherehani ya Koko? Hata kidogo.

Nina mpango. Kesho asubuhi namwendea Mariamou, namwambia siri: yule mwanamke aliyepiga kwa Mama Mkubwa, watu wasidanganyike, hajui kupiga.